Chakula cha Mzee Okinyi

Jericho, 12 Januari 2025

Mwanangu Celine,

Muthama wa saiba, kile kibanda cha kompyuta hapa sokoni mtaani, ananitazama kwa sababu nachapa kwa vidole vyote kumi. Alidhani mimi ni mama wa kuandikiwa. Hajui nilikuwa karani wa shule hadi nikastaafu, na walimu wakuu wote waliopita pale walijua mwenye ofisi ni nani.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai tena. Ukipiga, mama yako husikia sauti yako na kuanza kukutafuta nyuma ya kochi. Akikukosa, analia hadi jioni, nami ndiye ninayebaki naye, si wewe.

Umeniuliza anashindaje. Nitakwambia bila kutia chumvi. Asubuhi anapika. Ugali na sukuma, omena siku ikiwa njema. Anatia kwenye ile hotpoti ya maua mekundu inayotunza joto, anaifunga kwa leso, anavaa sare yake ya Muungano wa Akina Mama wa kanisa, kitambaa kichwani na kila kitu, kisha anatoka kumpelekea baba yako chakula kule karakana ya reli. Ndiyo, baba yako. Marehemu Okinyi, ambaye mimi na wewe tulisafiri mpaka kwenu Alego kumzika.

Usishtuke, hafiki. Akipita kwa fundi wa viatu pale kona, fundi humwambia, "Mathe, mzee amepita hapa sasa hivi. Amesema leo atakuja kula home." Fundi asipokuwepo, mwenye mboga humwambia hivyo hivyo. Mama yako husimama, akacheka, akasema, "Huyo Okinyi! Si angeniambia mapema?" Anarudi, tunangoja kidogo, kisha tunakila chakula hicho mimi na yeye. Chakula cha marehemu kimeninenepesha, Celine, sketi zangu hazifungi.

Hakuna aliyetupanga. Fundi alianza siku moja, wengine wakadaka. Lakini nisikufiche: siku hizi anatoka saa ambazo hatuzijui. Juzi fundi alikuwa ameenda kununua gundi, mwenye mboga alikuwa na wateja, na mama yako alifika barabara kubwa. Muuza ndizi ndiye aliyemshika mkono, na magari yalikuwa yanapita pale kwa fujo. Magoti yangu hayawezi kumkimbilia. Hilo ndilo lililonileta kwa Muthama.

Jirani yako wa utotoni,
Syombua, Mama Mativo


Kassel, 26 Januari 2025

Mama Mativo mpendwa,

Barua yako niliisoma wakati wa chai kazini. Nilicheka, kisha nikaogopa, na hofu haijaondoka mpaka sasa.

Mimi hii ndiyo kazi yangu. Naosha na kulisha wazee wa Kijerumani waliosahau majina ya watoto wao, na kila nikimaliza najiuliza nani anamwosha mama. Hapa mtu akianza kusahau, mkaguzi anakuja nyumbani kwake. Anamuuliza kama anaweza kuoga, kuvaa, kujipikia. Anampa daraja, na kwa daraja hilo anapata mhudumu au kitanda katika nyumba kama yetu. Kila anayefanya kazi hukatwa kitu cha kutunzwa uzeeni, kama mnavyokatwa cha hospitali huko.

Nakhumicha, yule tuliyesoma naye uuguzi, yuko Japani. Anasema huko wazee ni wengi kuliko watoto. Jioni vipaza sauti vya mtaa vinatangaza: mama fulani ametoka kwake, amevaa sweta ya kijani, atakayemwona aseme. Mwanzoni alidhani ni adhana. Serikali inawafundisha hata majirani namna ya kuzungumza na mzee aliyepotea, na wakimaliza wanavishwa kikuku cha rangi ya chungwa.

Sisi bustanini tuna kituo cha basi. Kina bango, benchi na ratiba, lakini hakuna basi linalopita. Wazee wakitaka kwenda kwa mama zao waliokufa zamani, tunawapeleka pale. Wakingoja sana wanasahau safari, tunawaita ndani kwa chai. Kuna mmoja anaitwa Hannelore, hukaa pale kila asubuhi, mkoba magotini. Anavyoushika ule mkoba ni kama mama na hotpoti yake. Siku nyingine sipendi kumtazama.

Lakini bustani yetu ina ukuta, Mama Mativo, na wadi ina mlango wa namba, usiofunguka bila namba ya siri. Jericho ina fundi wa viatu ambaye huenda kununua gundi. Nimeongea na kaka yangu Ondiek. Atamchukua mama akae kwake mtaa wa Komarock. Ni orofa ya nne, kuna grili ya chuma mlangoni, kuna soja getini, na wameajiri dada wa kazi, Mbeti, wa kushinda naye. Ondiek pia atamshonea jina na namba ya simu ndani ya nguo, kama tunavyofanya hapa. Ningekuja mwenyewe kumhamisha, lakini kadi yangu ya ukaazi imeisha na mpya haijatoka. Nikitoka Ujerumani kabla haijatoka, sitaruhusiwa kurudi.

Najua utakasirika. Nisamehe.

Celine Awuor


Jericho, 9 Februari 2025

Celine,

Nimekasirika, umepatia.

Mwambie Nakhumicha atutumie hivyo vikuku vya chungwa. Cha kwanza apewe fundi. Mjapani anafundishwa na serikali kumwambia mzee wa jirani uongo mzuri, na sisi tunafanya hivyo tangu baba yako alipozikwa, halafu mnatuona hatufai.

Ulichosema juu ya barabara ni kweli, sikukatalii. Naiogopa ile barabara kuliko wewe. Lakini ungeniuliza, ningekwambia tunahitaji mtu mmoja zaidi pale kona. Hukuuliza. Ulipanga na Ondiek, nami niliambiwa siku gari la kubeba vitu lilipopiga honi, barua yako ikiwa bado haijafunguliwa kwa Muthama.

Mama yako aliniaga akidhani anaenda sokoni. Alinikabidhi sufuria ya maharagwe nimwangalizie jikoni. Maharagwe yaliiva, nikazima moto, nikaketi nayo.

Komarock nani anamjua? Akitoka nje ya lile geti, nani atamwambia mzee atakuja kula nyumbani? Jibu hilo tu.

Syombua


Komarock, 16 Machi 2025

Niaje Celine,

Mathe yuko fiti kabisa, usikonde. Wifi yako Roseline amempa chumba cha Ryan na wenzake, watoto wamehamia sebuleni. Grili nimeiwekea kufuli mpya, ufunguo anao Mbeti na mwingine ninao mimi. Nilikumbuka ulivyosema kuhusu ule mlango wa namba kazini kwenu, nikaona hii ndiyo namba yetu. Jina na simu Roseline ameshona kwenye nguo zote, hata sare ya kanisa.

Wiki ya kwanza alikuwa na fujo. Alikuwa anatikisa grili na kupiga kelele kwamba Okinyi anakufa njaa. Jirani wa chini alipanda kuuliza tunamfanya nini mzee wa watu. Niliona aibu, sitakudanganya. Lakini sasa ametulia. Anakula, analala. Hata mchana analala. Roseline anasema nyumba imekuwa na amani kuliko kabla hajaja.

Mama Mativo amepiga simu mara nyingi mpaka nimechoka. Yule mama alikuwa amezoea kula chakula cha mathe, sasa anaona njaa. Usimsikilize sana.

Kazi njema huko.

Ondiek


Kassel, 6 Aprili 2025

Mama Mativo,

Umekaa kimya na kimya chako nakijua, umenuna. Hata hivyo nakuandikia, kwa sababu hapa sina wa kumweleza jambo hili.

Unamkumbuka Hannelore wa kituo cha basi? Tulipata mwanafunzi mpya, msichana mpole, mwenye huruma nyingi. Alimwona Hannelore amekaa pale kwenye baridi, akamwonea uchungu. Akachuchumaa mbele yake akamwambia ukweli: hapa basi haliji, mama, na nyumba yenu ilikwisha kuuzwa, na mume wako hayupo. Alidhani anamheshimu.

Hannelore alimshukuru. Akasimama, akarudi ndani, akalala akielekea ukutani. Sikuwahi kuona mtu anafunga kinywa namna ile. Supu tulijaribu, hata keki ya tufaha aliyoipenda. Tulimwambia basi limepata hitilafu, linakuja. Alifumbua macho akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi, akayafumba. Daktari alisema hana ugonjwa mpya. Tumemzika wiki iliyopita, kulikuwa na sisi wafanyakazi na kasisi tu.

Nimekuwa nikimfikiria mama. Ondiek anasema ametulia na analala sana. Nilifurahi, sasa furaha hiyo inanikwama. Mama hajawahi kulala mchana maisha yake yote, alikuwa akituita wavivu. Tafadhali, hata kama umenuna, nenda ukamwone kwa macho yako.

Na popote alipo, mtu yeyote asimwambie kwamba baba alikufa. Nakuomba kwa magoti.

Celine


Jericho, 14 Aprili 2025

Mwanangu,

Sijanuna, magoti tu. Jana baada ya kanisa Mativo alinipeleka Komarock, na unajua ilivyo kazi kumtoa Mativo kwake mtaa wa Mowlem siku ya Jumapili.

Sikumwambia Ondiek nakuja. Mbeti alinifungulia ile grili, akaifunga nyuma yangu kabla sijavuka kizingiti vizuri. Mchana wote huo, mama yako yuko kitandani, pazia limefungwa. Nilimwita kwa jina. Nikamwita Mama Ondiek, nikamwita nyar Alego, binti wa Alego, kama baba yako alivyomwita. Alifungua jicho moja. Ulimi wake ulikuwa mkavu, unagongana na meno. Alisema, "Syombua, miguu yangu wameipeleka wapi?" kisha akalala tena katikati ya neno.

Nilimpa maji kwa kijiko. Nikamuuliza Mbeti anapewa nini. Mbeti ni mtu mzima, ana watoto wake, akaangalia chini. Akasema, "Ni dawa ya kumtuliza, mama. Baba Ryan hununua duka la dawa hapo chini. Asubuhi moja, mchana moja. Mimi nimeambiwa tu."

Ondiek alipoingia hakunisalimia. Nami sikumsalimia, na yule nilimbeba mgongoni.

Wewe ndiye unayejua mambo ya dawa. Mimi najua mtu aliye hai na mtu anayekaribia kutokuwa hai.

Syombua


Kassel, 15 Aprili 2025

Ondiek,

Unampa mama nini?

Nitumie picha ya pakiti leo. Na kuanzia leo punguza, asubuhi tu, kisha nusu, kisha usimpe kabisa, na katikati ya hayo mpeleke kwa daktari. Mzee anayelala namna hiyo, siku moja haamki. Nimewaona.

Na ile kufuli itoke mchana. Najua nitasikika kama kigeugeu, kwa sababu ni mimi niliyekuhadithia mlango wa namba. Sikukuhadithia yote. Hapa kumfungia mtu mlango ni jambo la mahakama. Jaji anakuja wadini, anaketi na mzee, anamuuliza jina lake, ndipo anatoa ruhusa au anakataa. Na hata akiruhusu, nyuma ya mlango huo tuko sisi zamu nzima, na kengele ya moto, na daktari. Nilikutumia mlango peke yake.

Mbeti atembee naye. Akitaka kupeleka chakula, wazunguke naye uwanja, kisha amwambie mzee amesema atakula nyumbani. Ni maneno hayo tu. Mama Mativo atakufundisheni.

Celine


Komarock, 27 Aprili 2025

Celine,

Nilitaka nisikujibu kabisa.

Wewe uko huko unaandika. Mimi niko hapa. Wiki ya kwanza aliwahi kutoka, hilo sikukwambia. Roseline alimkuta kwenye ngazi, gesi imewashwa ndani na hotpoti mkononi, mtoto wangu Ryan amelala sebuleni. Ungefanya nini? Ungemletea jaji? Hapa hakuna mkaguzi wa madaraja, Celine, hakuna kipaza sauti wala kikuku. Kuna mimi, ninaamka naenda ofisini, ninarudi, na mama yangu ananiuliza mimi ni nani na kwa nini nimemfungia. Duka la dawa walinipa nilichoomba. Hawakuniuliza swali.

Nimefanya ulivyosema. Daktari amemwona, dawa imekwisha, kufuli inafungwa usiku tu. Na ndiyo, amechangamka. Anatembea, anaimba, amemfundisha Mbeti kupika apoth, ule mlenda wetu. Soja wa getini amempenda, anamwita mama kanisa kwa sababu ya ile sare. Jana alinitambua. Alinishika shavu akasema nimekonda kama baba yangu. Nilienda bafuni nikalia, ili Roseline asinione.

Kwa hiyo ulikuwa sawa. Umefurahi?

Ameanza tena kufunga hotpoti.

Ondiek


Jericho, 11 Mei 2025

Mwanangu Celine,

Keti kwanza. Mama yako yu hai, na yuko hapa Jericho, nyumbani kwake, ufunguo nilibaki nao. Sasa soma.

Alhamisi Mbeti alipanda juu ya paa kuanika nguo. Mama yako alikuwa amemaliza kupika. Akavaa sare, akashuka ngazi zote. Soja alimwona mama wa kanisa na chakula kimefungwa vizuri kwa leso, akajua anaenda kumwona mgonjwa. Wewe ungemzuia mama wa Muungano anayepelekea mgonjwa chakula? Alimfungulia geti, akamfungia hata lile fundo la leso lililokuwa limelegea.

Nilikuuliza ni nani Komarock atakayemwambia mzee anakuja kula nyumbani. Hakuna aliyemwambia. Watu walikuwa wema, Celine, na hilo ndilo linaloniuma. Aliuliza njia ya reli, na kila aliyemuuliza alimwonyesha. Mmoja alimvusha barabara. Mwingine alimlipia nauli ya matatu na kumwagiza makanga amshushe mahali pazuri. Mchana mama yako alikuwa amesimama kwenye geti la karakana, amefika. Miaka yote hii sisi tunamrudisha, na siku moja tu ya watu wasiomjua, akafika.

Pale getini alitokea mzee mmoja, Muoki, Mkamba mwenzangu, anayekaribia kustaafu. Alifanya kazi na baba yako. Alimtambua mara moja. Akavua kofia, akamletea kiti, akamwambia, "Mama, pole sana. Okinyi bado tunamkumbuka. Mimi nilikuwa Alego siku ile, nilishika jeneza." Hakuwa na kosa. Angejuaje kwamba mjane hana habari?

Muoki mwenyewe ndiye aliyenieleza. Anasema mama yako aliuliza, "Lini?" Akamwambia. Akauliza tena, "Na mimi nilikuwa wapi?" Muoki akaelewa amefanya nini, ila neno halirudi kinywani. Akaona jina na simu ndani ya kola, akampigia Ondiek. Zile namba mlizoshona zilifanya kazi.

Alikataa kurudi Komarock. Alimwambia Ondiek yeye ni mjane na mjane hukaa nyumbani kwake. Ondiek alimleta hapa, hakubishana, yule kijana amezeeka kwa siku moja. Hotpoti waliiacha getini. Mama yako aliiweka chini na hakuishika tena.

Amelitoa koti la baba yako sandukuni na amelivaa limegeuzwa, ndani ikawa nje, kama wajane wa kwenu. Ametoa viti vyote uani kwa ajili ya waombolezaji. Ameketi sakafuni. Na hali chochote, Celine. Uji nimepika, ndizi nimepika. Anasema hawezi kula na maiti haijazikwa.

Nimekumbuka yule mama wako wa kituo cha basi. Ningependa nisiwe nimekumbuka.

Syombua


Kassel, 12 Mei 2025

Mama Mativo,

Amekunywa maji? Umempa ya chumvi na sukari? Mpe kwa kijiko, hata akikataa lowesha midomo. Daktari aje leo, mwambie Ondiek.

Nimeenda ofisi ya uhamiaji asubuhi. Kadi haijatoka. Yule mama wa dirishani nilimwambia ni msiba wa baba, akanisikiliza vizuri, akaniuliza, "Baba yako amefariki lini?" Nitamwambia nini? Kwamba amekufa zamani na amekufa Alhamisi?

Nikiondoka sasa, kazi hii na dawa zote za mama, na karo za Ryan ninazolipa, ambazo Ondiek hakukwambia, ndiyo basi. Nisipoondoka, ninajua mwisho wake. Hakuna mtu katika mji huu mzima anayejua vizuri kama mimi.

Tujaribu ule uongo wetu kwanza. Mwite fundi wa viatu aje mpaka mlangoni. Amwambie yale maneno yake, kwa sauti ile ile, asibadilishe kitu. Mama akili yake inasahau, huenda leo atakuwa amesahau na hili. Hannelore hakusahau, lakini mama si Hannelore. Mama ana nyinyi.

Naketi hapa bustanini kwenye lile benchi la kituo. Ni mapumziko yangu. Nijibu haraka.

Celine


Jericho, 14 Mei 2025

Mwanangu,

Daktari alikuja. Anasema kifua ni safi, damu ni safi. Maji anakunywa kidogo nikimshika kichwa.

Fundi alikuja jana. Aliosha mikono kwanza, sijui kwa nini. Alisimama mlangoni akasema kama ulivyoagiza, "Mathe, mzee amepita hapa sasa hivi. Amesema leo atakuja kula home."

Mama yako alimwangalia. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Akamwambia, "Na wewe ulijua?" Kisha akanigeukia mimi. Hakuniuliza. Fundi alitoka akaenda akafunga kibanda chake mchana kati, na leo hajakifungua.

Nilidhani sisi ndio tuliojua kumtunza, Celine. Nilikuandikia kwa majivuno. Tulimwekea kituo cha basi kama nyinyi, sisi wote tukiwa ndio benchi.

Leo asubuhi ameniomba nikuandikie. Nimemwambia sawa, nimeleta kalamu, naye amesema polepole ili nisikosee. Sikuongeza neno wala kupunguza. Nimekuja nayo kwa Muthama, na Muthama amekataa kunitoza.

Syombua


Jericho

Awuor mwanangu,

Baba yako amekufa. Mtu wa reli ndiye aliyeniambia. Hapa kwetu wote walijua wakanyamaza, nami nikaendelea kumpikia.

Najua uko mbali na umepewa wazee wa watu uwatunze. Waombe ruhusa. Waambie ni baba. Hakuna tajiri anayemkataza mtu kumzika babake.

Nimemuuliza Ondiek maiti iko wapi, analia tu. Syombua naye siwezi kumuuliza, ni rafiki yangu na alinidanganya. Wewe hukuwa hapa, kwa hiyo wewe hukunidanganya. Ndiyo sababu nakungoja wewe. Utaniambia alipo, tumpeleke Alego.

Viti nimetoa nje, nimefagia. Sitatia kitu kinywani mpaka ufike tule pamoja baada ya mazishi, kama watu. Usichelewe, nimeanza kuchoka.

Mlango hatujaufunga.

Mama yako,
Benta